Tulivyoomba Njia Tebeswet

Cherono, siku ile mliponikatia keki ya kustaafu ofisini uliniambia niandike mambo ya barabara ambayo hayako kwenye vitabu, ili wewe na wenzako mliobaki msianze upya kila kitu. Nimekaa nyumbani tangu wakati huo nikitafuta jambo la kufurahisha la kuanzia. Sijalipata. Basi nitaanza na greda, kwa sababu ndiyo iliyoanza na mimi.

Nilizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa majani chai. Baba alitoka ziwani akaja kufanya kazi kiwandani, akatuzalia huku huku kwenye baridi. Mtoto wa estate analelewa na king'ora. Kikilia mnaamka, kikilia tena mnakula, na ukikua unaamini kwamba ukitaka mtu aondoke njiani ni lazima upige kelele. Nilikuwa na imani hiyo nilipoingia idara ya barabara. Nilipewa koleo na buti zisizolingana, nikaambiwa nipande greda nimsaidie dereva.

Dereva alikuwa Kipkorir arap Mitei, mtu mrefu, mkimya, aliyevaa kofia ya sufu hata jua likiwaka. Aliniuliza jina. Nikamwambia Odhiambo.

"Otiambo," akasema, na ikawa hivyo. Kuanzia Kedowa hadi ndani ya msitu mimi ni Otiambo. Hata mke wangu huniita hivyo akitaka kunichokoza.

Siku hiyo ya kwanza tulikwenda Tebeswet. Wewe unapajua, lakini wanaokuja baada yako hawatapajua, kwa hiyo nieleze. Barabara iliacha lami si mbali na Kedowa, ikapanda, ikaingia msituni, ikavuka mto juu ya kalvati, lile bomba la kupitisha maji chini ya barabara, ikatokea upande wa pili kwenye mashamba ya chai na ng'ombe wa maziwa ya watu wa Tebeswet. Kulikuwa na njia nyingine ya kuzunguka bondeni, lakini hiyo mvua ikinyesha hata trekta inaomba radhi. Kwa hiyo maziwa, majani chai, wagonjwa na maharusi, vyote vilipita msituni.

Penye mdomo wa msitu palikuwa na geti. Nikisema geti mtafikiria chuma. Lilikuwa mti mmoja uliolazwa juu ya vigingi viwili, na kando yake kibanda cha mbao cha mlinzi wa msitu, mtu aliyeitwa Rotich. Siku hiyo tulipofika, mti ulikuwa umeinuliwa na njia iko wazi. Mimi kwa mawazo nilikuwa nimeshapita. Mzee Mitei akasimamisha greda, akazima injini.

Lazima muelewe maana ya kuizima. Betri ya greda ile ilikuwa mgonjwa wa kudumu. Ukiizima, kuiwasha tena ni sala na matusi, na Mzee alikuwa mtu wa kanisa, kwa hiyo matusi yalibaki kwangu. Lakini aliizima, akashuka, akavua kofia, akamwendea Rotich mkono umenyooshwa.

"Chamgei, Rotich."

"Chamgei mising, Mzee. Watu wa nyumbani wako aje?"

"Wako tu salama. Ile ng'ombe yako ilizaa?"

"Ilizaa dume."

"Pole. Sasa sisi tunaomba njia."

"Si mpite tu, Mzee."

"Kongoi," Mzee akamshukuru. Tukapita, baada ya kuhangaika na betri hadi jasho likatutoka. Nikamuuliza, "Mzee, si mti ulikuwa juu? Si ungepiga honi tu tuende?"

"Honi ni ya ng'ombe na watu wa estate," akasema. "Hapo kuna mtu amekaa. Wewe unaweza pita kwa mlango ya mtu kama hujamwona?"

"Lakini hii ni barabara ya serikali."

"Na serikali haina adabu?"

Baadaye niligundua kwamba haikuwa tabia yake peke yake. Pikapu ya maziwa ilisimama. Lori la majani chai lilisimama. Mchungaji na pikipiki yake alisimama, na yeye ndiye aliyekuwa na haraka kuliko wote. Kila mmoja alisalimia, akauliza habari za ng'ombe, akaomba njia, akaambiwa apite. Pikapu ya maziwa ilimwachia Rotich kipimo kwenye jagi lake kila asubuhi, na mtu ng'ombe wake akizaa alimletea mursik, maziwa ya mgando, kwenye kibuyu. Hakuna aliyeita hayo malipo. Mtu amekaa peke yake kwenye baridi, mbali na kwake, nawe umebeba maziwa, utampitaje mikono mitupu? Mimi niliwacheka mwanzoni. Kisha nikazoea, na nikajikuta natafuta habari za ng'ombe wa kuulizia ingawa sijawahi kufuga hata kuku.

Kazi yenyewe Mzee alinifundisha kwa kunirudisha. Ningechimba mtaro, angekuja na mbao zake tatu zenye umbo la T, tunazisimamisha kwa mstari, anachungulia juu yake jicho moja limefungwa, kisha anasema "rudia". Alikuwa na msemo wake: "Barabara haiuawi na lori, Otiambo. Inauawa na maji yamekosa pa kwenda." Basi ipe barabara mgongo, maji yashuke pembeni. Pembeni ipe mtaro, na mtaro upe pa kumwagia, shambani au msituni, lakini si kwa jirani mkorofi. Kalvati zisafishwe kabla ya mvua ya Aprili, na usiamini kalvati ambayo hujaingiza kichwa. Mimi niliwahi kuingiza kichwa nikakutana na nyoka naye amekuja kukagua. Tuliagana haraka.

Aprili ya mwaka mmoja kalvati ya mtoni ilichukuliwa yote na mafuriko. Tulikuta shimo mahali pa barabara, na upande wa pili pikapu ya maziwa imekwama. Vifaa kutoka ofisini vingechukua wiki, na wiki za ofisini mnazijua. Kabla hatujamaliza kukuna vichwa, wanawake wa Tebeswet walianza kuteremka na mawe migongoni. Mbele yao alikuwa mke wa Mzee Mitei, Mama Chelang'at. Alibeba mawe kuliko mimi, akatuma chai iletwe, akatutazama tukiinywa.

"Hii serikali inakula sana," akasema, "na inabeba kidogo."

Mumewe akacheka hadi kofia ikaanguka. Tulipanga mawe, tukalaza magogo, tukajaza murram, ule udongo mwekundu wa barabara, kwa karai, na pikapu ikavuka maziwa yakiwa bado hayajaganda. Nilikuwa na furaha siku hiyo ambayo kazi haikunipa tena. Nilijua barabara ile ni ya nani.

Miaka ikaenda. Mzee akastaafu akarudi kwa ng'ombe wake. Mimi nikapewa gari badala ya koleo, mambo mengine ya vyeo tuyaache. Kisha Mama Chelang'at akapatwa na ugonjwa wa figo. Ikawa lazima apelekwe hospitali mara mbili kwa wiki akasafishwe damu kwa mashine. Alipanda pikapu ya maziwa, yeye mbele kando ya dereva, Mzee nyuma kati ya mitungi. Wakifika getini, Mama huyo huyo mgonjwa anashusha kioo amuulize Rotich kama mtoto wake amepata shule. Barabara ikiwa nzuri, alifika kwa mashine kwa wakati wake na kurudi nyumbani kukamua. Kwa hiyo kila murram iliyoingia idarani, Tebeswet ilipata kwanza. Kama kuna mkaguzi anasoma hapa, nimeshastaafu.

Ndipo wenye msitu, wale waliomwajiri Rotich, wakasema wanafunga barabara kwa magari. Wa miguu waendelee, lakini chochote chenye injini kisipite. Walisema msitu unaisha, na hilo silipingi. Lori za magogo zilikuwepo. Zilipita Rotich akiwa amelala, zikainua mti zenyewe, na hazikumsalimia mtu. Lakini badala ya kutafuta lori hizo, waliona afadhali wafunge njia ya maziwa.

Watu wa Tebeswet walikataa, idara yetu ikasimama nao, na ikaundwa kamati ya kusikiliza. Wewe Cherono ulikuwa mpya kazini, ulikaa kando yangu umeshika ramani ambayo barabara yetu ilikuwa mstari mwembamba usio na namba, yaani haijaandikishwa kama barabara ya umma. Nilikwambia usijali. Nilikwambia barabara ni mgongo na mitaro, namba ni kazi ya makarani. Nilitoa ushahidi wangu, miaka yote ya greda, kalvati, mawe ya akina mama. Niliketi nimejaa matumaini kama mtu aliyemaliza mtihani mapema.

Wakili wa upande wa pili alikuwa kijana mwenye heshima. Hakumdharau mtu. Alieleza kamati kwamba swali ni moja tu: watu hawa wamekuwa wakipita kwa sababu ni haki yao, au kwa sababu waliruhusiwa? Anayepita kwa haki huwezi kumfungia. Anayepita kwa hisani, mwenye hisani anaweza kuchoka siku yoyote. Nilikaribia kucheka. Haki, bila shaka. Kisha akamwita Mzee Mitei.

"Mzee, mkifika pale getini, mlikuwa mnafanya nini?"

"Tunasimama."

"Hata kama mti umeinuliwa?"

"Hata kama. Si kuna mtu hapo?"

"Na mkisimama mnamwambia nini?"

"Tunamsalimia. Tunauliza watu wa nyumbani. Halafu tunaomba njia."

"Mnaomba njia," wakili akarudia polepole, na karani wa kamati akaandika. "Na wewe uliyekuwa na greda ya serikali, uliomba pia?"

"Mimi ndio ningeomba zaidi. Greda ni kitu kubwa, inaogopesha watu."

Ukumbi ulicheka. Mzee naye akatabasamu, kwa sababu aliona anaeleweka. Mimi nilimtazama, nikajaribu kumkonyeza anyamaze, lakini alikuwa anamtazama wakili, kama unavyomtazama mtu anayezungumza na wewe.

"Na maziwa je? Tumesikia mlinzi alikuwa anapewa maziwa."

"Alikuwa anapewa. Na mursik. Kwani anyimwe?"

"Swali langu la mwisho, Mzee. Tuseme siku moja mlinzi anasema, hapana, leo hamtapita. Mngepita?"

Mzee alifikiri kwa muda mrefu. Wewe uliona. Nilijua jibu lililotakiwa, na ni neno moja tu, "tungepita", na kila mtu aliyewahi kulelewa na king'ora angelitoa bila kufikiri.

"Huwezi pita mtu akikataa," akasema. "Hiyo ingekuwa tabia gani?"

Wakili akamshukuru, akaketi. Rotich naye aliitwa, akaapa kwamba hakuwahi kumruhusu mtu, kwamba walikuwa wanamsalimia tu na yeye anaitikia. Aliulizwa alikuwa anaitikia kwa neno gani. Akasema, "Piteni." Maskini, alilia pale pale.

Nje, Mzee alinishika kiwiko. "Otiambo, nimesema vibaya?"

"Hapana, Mzee. Umesema ukweli."

"Sasa mbona umekunja uso?"

Mama Chelang'at alikuwa amekaa ndani ya gari letu miguu imefunikwa shuka, imevimba. Alishusha kioo akauliza kama tumeshinda. Nikamwambia bado wanafikiria. Nadhani alijua, maana aliniambia nikale kitu.

Uamuzi ulikuja jinsi mnavyojua. Njia ya Tebeswet haikuwa njia ya umma ila njia ya hisani, na hisani imeondolewa. Nikifuata hesabu ya yule kijana, watu pekee waliokuwa wamejijengea haki katika barabara ile walikuwa wezi wa magogo, maana wao hawakuomba mtu. Nimelirudia jambo hili kichwani mara nyingi nikitafuta mahali ambapo si kweli. Sikupapata.

Walileta mashine ikachimba mtaro mpana kukata barabara pale getini, na nyuma yake wakasimika vyuma ndani ya zege. Niliutazama ule mtaro kwa jicho la kazi. Haukuwa na pa kumwagia. Mvua ya kwanza maji yalisimama ndani yake, yakaanza kula kingo, na nikatamani Mzee angekuwepo aseme "rudia".

Lori la majani chai lilijaribu kuzunguka bondeni msimu mmoja, likachoka. Majani yaliyochumwa asubuhi yalibaki kwenye kituo hadi yakawa mekundu. Maziwa yalirudi kunyweshwa ndama. Mama Chelang'at alibebwa kwenye machela na vijana kuvuka msitu hadi lami, mara mbili kwa wiki, kwenda na kurudi. Vijana wana mashamba yao na vibarua vyao, na mvua ina mambo yake. Siku moja akakosa. Kisha wiki. Mtoto wake alitaka ampangie chumba karibu na hospitali, Mama akasema hawezi kuacha ng'ombe na mzee, na kwamba mjini hajui nani atamuuliza habari zake. Mimi katika mwaka wangu wa mwisho kazini nilibisha kila ofisi. Ya kwanza ilinituma kwa ya pili, ya pili kwa ya tatu, na ya tatu ikanirudisha kwa ya kwanza, ambapo walikuwa wamenisahau.

Nilikwenda pia kuongea na vijana wa Tebeswet. Niliwaambia: kwingine kote mnakopita, msisimame. Msiombe. Mlinzi akiwa hapo, tazameni mbele, pigeni honi, piteni. Mmoja akaniambia, kwa upole kabisa, "Sasa Mzee Otiambo, si hapo utakuwa umetufundisha ujinga?" Nilirudi garini nikakaa bila kuwasha.

Cherono, uliniuliza kama tungeweka vibao kwenye barabara nyingine za msituni kuwaambia madereva wasiombe njia. Sijui vibao hivyo vingeandikwa kwa lugha gani. Jambo la kikazi ninaloweza kukuachia ni hili: barabara itafutiwe namba kabla ya kutafutiwa murram. Nilikwambia namba ni kazi ya makarani, na wewe ukaniamini. Usimwamini tena mtu yeyote kwa hilo. Lakini sikudanganyi kwamba naona tumaini. Nina ramani zenu kichwani, na mistari isiyo na namba ni mingi, na wewe ni mmoja.

Mama Chelang'at alifariki nikiwa nimeshastaafu. Gari la maiti lilimleta hadi mwisho wa murram, pale mtaroni, likageuka. Kutoka hapo ni mabega. Tuliweka mbao juu ya mtaro, tukamvusha, tukapita kwa ubavu kati ya vyuma, na jeneza likakwaruzwa upande mmoja. Nilikuwa nimebeba mbele kushoto. Bega liliniwaka moto, buti zimejaa matope, na nyuma yetu watu wa Tebeswet wanaimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya chini.

Kibanda kilikuwa bado kipo hatua chache mbele. Rotich aliondolewa zamani, mtaro hauhitaji mshahara. Mlango ulikuwa umeng'oka na ndani mlikuwa na majani yaliyooza na jagi lililopasuka.

Mzee Mitei, aliyekuwa akitembea mbele ya jeneza, akasimama. Wimbo ukakatika. Tukasimama sote na uzito ule mabegani. Alivua kofia yake ya sufu, akageukia kibanda.

"Chamgei," akasema.

Akangoja. Nilijua anangoja nini, na nilijua kwamba hatasogea. Hasira ilinipanda. Nilitaka kumpigia kelele kwamba hakuna mtu, kwamba hapajawahi kuwa na mtu wa kuombwa, kwamba ni adabu hii iliyotuweka hapa na mke wake mabegani.

"Tuko na mama hapa," akakiambia kile kibanda. "Tunaomba njia."

Watu wakainamisha vichwa. Hakuna aliyesogea. Nikafungua mdomo, na sauti iliyotoka haikuwa ya mtoto wa estate.

"Chamgei mising, Mzee," nikasema. "Piteni."

Akavaa kofia. "Kongoi," akasema, bila kugeuka, na tukampeleka nyumbani.